Duka dogo la maua Dar es Salaam: kuliendesha mwaka mzima, msimu kwa msimu

Ukitaka kujua kama duka la maua litaona mwaka mwingine, usitazame shada lililopangwa mlangoni. Zunguka nyuma, funua pipa la taka. Mwaka wangu wa kwanza pipa lilikuwa likijaa mawaridi kila Jumatatu, nami nikijisifu kwamba dukani kwangu maua hayakosekani. Kumbe nilikuwa nalilisha pipa.

Kitenge kisipouzwa mwezi huu kitauzwa ujao. Waridi lililokatwa lina wiki moja hivi ya uhai likitunzwa vizuri, na kabla halijafika mezani kwako siku mbili zimeshaishia shambani na njiani. Kazi kubwa ya mwenye duka dogo, basi, ni kujua anunue lini, kiasi gani, na lini asinunue kabisa. Majira yetu si yale manne ya Ulaya. Hapa Dar es Salaam tuna kiangazi cha kaskazi, masika, kipupwe na vuli, na juu yake kuna kalenda tatu zinazopishana: ya kanisa, ya mwezi mwandamo na ya shule. Nitaanza na mambo yasiyobadilika, halafu twende na mwaka.

Karatasi, vifaa na maji

Karatasi nitazipita haraka: jina la biashara linasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi unaichukua TRA, leseni ya biashara inatoka halmashauri ya eneo lako. Maliza hayo kabla hujapaka rangi ukuta.

Vifaa vya kuanzia havizidi vya mama lishe. Ndoo kumi nyeupe. Nyeupe kwa sababu utelezi na uchafu unauona. Kisu kikali, mkasi wa kukatia matawi, meza ya kusimamia (kukaa huku unafunga maua kutakuvunja mgongo), na friji ya vioo kama zile za soda, hata ya mtumba. Riboni, karatasi za kufungia, pini na sponji ya maua vinapatikana Kariakoo. Sponji usiikandamize kwenye maji. Iweke juu ya maji, iache izame yenyewe. Ukiisukuma hewa inabaki katikati na ua linakufa kiu huku limesimama ndani ya sponji iliyolowa nje. Ikishakauka mara moja haifai tena.

Friji iwe ya maua peke yake. Ndizi mbivu, embe na parachichi hutoa gesi ya kuivisha, na gesi hiyohiyo inazeesha maua. Karnesheni ndizo zinazoumia kuliko zote: hujikunja zikalala kama zimechoka. Niliwahi kupoteza ndoo nzima kwa sababu ya kichane cha ndizi cha kijana wangu wa dukani. Hakujua, nami sikuwa nimemwambia.

Mawaridi, karnesheni na krisanthemu hupenda baridi ya nyuzi 2 hadi 5. Maua ya joto, kama okidi, anturiumu, helikonia na ndege wa peponi, usiyaingize humo. Chini ya nyuzi 10 yanababuka na kuwa meusi. Hayo yakae kivulini ndani ya duka, ukiyapulizia maji.

Sasa maji. Hili watu wengi hawalifikirii. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na maji ya chumvi yanalifupishia ua maisha. Onja. Kama hayanyweki, ua nalo halitayafurahia. Tumia maji ya bomba, na masika ikija kinga maji ya paa kadiri unavyoweza, maana ya mvua ndiyo bora. Dawa ya kuweka kwenye ndoo, kama huna ile ya pakiti, tengeneza mwenyewe: kwa lita moja ya maji weka kijiko cha chai kimoja cha sukari, viwili vya maji ya ndimu, na jiki robo kijiko. Sukari ni chakula, ndimu inasaidia maji kupanda kwenye shina, jiki inazuia bakteria wanaoziba mishipa. Ukizidisha sukari bila jiki umewaandalia karamu bakteria.

Mzigo ukifika

Mawaridi mengi tunayouza hapa yanatoka Arusha, ambako mwinuko wa karibu mita 1,400 na usiku wa baridi hulipatia waridi kichwa kikubwa na shina nene. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 kazi imekuwa nyepesi, kwa sababu boksi linapakiwa jioni, linasafiri na ubaridi, alfajiri uko stendi ya Magufuli pale Mbezi unalipokea. Mwambie anayepakia boksi lisikae upande wa injini. Mimi nilisahau kusema hivyo wiki ya mwanzo ya Februari moja, na mabunda kumi na mbili yakafika yamepikwa. Jina la basi silitaji, kosa la kutosema lilikuwa langu.

Fungua boksi palepale stendi, mbele ya aliyekukabidhi. Minya kichwa cha waridi kwa vidole viwili, taratibu, pale chini petali zinapoanzia. Kikiwa kigumu, ua ni jipya. Kikibonyea, limekaa. Angalia pia madoa ya kahawia kwenye petali za nje: hayo ni kuvu, na kuvu ikishaingia kwenye boksi inaruka kutoka bunda hili kwenda lile. Piga picha, mtumie muuzaji kabla hujapanda bajaji. Ukisubiri kufika dukani atakwambia yaliharibikia kwako.

Dukani fanya hivi, wala usiruke kitu:

1. Ndoo ziwe zimeoshwa kwa sabuni na jiki tangu jana yake. Mimi hujiuliza kama ningekunywa maji humo.
2. Toa majani yote yatakayozama. Jani likioza ndani ya maji, maji yote yameoza. Miiba itoe kwa kitambaa kinene bila kukwangua ganda la shina.
3. Kata kila shina sentimita mbili hadi tatu, kwa mshazari, kwa kisu kikali. Mkasi butu unaliponda shina na kuziba mishipa.
4. Liingie kwenye maji papo hapo. Usikate ishirini ukaziweka mezani ukajibu simu.
5. Yaache yanywe saa tatu au nne mahali pa baridi kabla hujauza hata moja.

Jabera ni tofauti: shina lake lina uwazi ndani na linaoza upesi, kwa hiyo maji yawe ya vidole vitatu tu. Krisanthemu ni ng'ombe wa maziwa wa duka dogo. Zinakaa wiki mbili na zaidi, na bado zinamsubiri mteja. Ukiwa na mtaji mdogo, anza nazo.

Waridi likiinamisha shingo ilhali tumba bado ni zuri, usilitupe. Hewa imeziba shina. Likate tena likiwa ndani ya maji, lifunge kwenye gazeti ili shingo inyooke, litumbukize kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja au mbili. Mengi yanaamka.

Daftari lenye safu tatu

Uliyonunua, uliyouza, uliyotupa. Safu ya tatu ndiyo inayokufundisha bei. Chukua mfano: bunda la mashina 20 umelinunua shilingi 12,000, usafiri umekula 2,000. Ukigawanya kwa 20 unapata 700, na wengi huishia hapo. Lakini kama kwa kawaida manne yanakufa, umenunua mashina 16, kila moja kwa 875. Hapo bado riboni, karatasi, umeme wa LUKU na mikono yako. Mimi huzidisha mara tatu kwa waridi, mara mbili na nusu kwa maua yanayodumu.

Ua lina umri wa kazi. Siku mbili za kwanza liende kwenye shada la mkononi. Siku ya tatu lifupishe, litumike kwenye pambo la chini la mezani. Siku ya nne au ya tano likatwe petali za kumwagia maharusi. Petali ziuze kwa mfuko. Nimelipa kodi ya pango mwezi mzima kwa petali.

Januari hadi Machi: joto, ada za shule na Wapendanao

Januari wazazi wako foleni ya ada, na ua ni kitu cha mwisho kabisa kufikiriwa. Usijaze duka. Nunua nusu ya kawaida, krisanthemu na karnesheni zaidi, na utumie muda huo kwenda kwenye ofisi, hoteli ndogo na kliniki binafsi kuomba mkataba wa kuweka maua mapokezi kila Jumatatu. Watano tu wa namna hiyo wanakulipia umeme, na ukijua Jumatatu unahitaji vyungu vitano, unanunua bila kubahatisha.

Kaskazi inavuma, jua ni kali, unyevunyevu unapanda. Badilisha maji asubuhi na jioni, ondoa kila kitu dirishani kuanzia saa nne, na usimkabidhi bodaboda shada bila kulifunga kitambaa chenye maji kwenye mashina na mfuko juu yake.

Kisha inakuja tarehe 14 Februari, siku inayotajirisha wachache na kufilisi wengi. Sababu ya bei kupaa iko Ulaya: kuanzia mwishoni mwa Januari mashamba ya Kenya na Tanzania yanapakia mawaridi mekundu kwenye ndege kwa soko la huko, na sisi wa hapa tunagombania yaliyobaki. Kwa hiyo weka oda na kianzio mapema, kabla Januari haijaisha.

Kanuni yangu ni nyepesi. Nahesabu mashina yaliyolipiwa tayari hadi tarehe 8, naongeza nusu yake. Oda zilizolipwa zikiwa mashina 120, nanunua 180, yaani mabunda tisa. Sizidishi hata jirani akijaza duka mpaka kibarazani. Na sinunui mekundu peke yake. Tarehe 15 asubuhi waridi jekundu ni kama mti wa Krismasi tarehe 26. Jeupe na la pinki bado lina harusi ya Jumamosi. Wanaume watakuja saa kumi na moja jioni wakihema, wameegesha gari vibaya, na watanunua chochote chenye riboni. Wafungie mashada ya waridi tatu na majani mengi, uwe nayo tayari kumi na tano au ishirini.

Tazama pia siku ya wiki. Ikiangukia siku ya kazi, fedha iko kwenye kupeleka maofisini, maana mtumiwa anataka wenzake waone. Ikiwa Jumapili, oda za ofisi zinahamia Ijumaa, na siku yenyewe inakuwa ya utulivu.

Kwaresima na Ramadhani: msimu wa kutonunua

Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko wa jua, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, nayo inaburuta harusi za Waislamu. Kwaresima inafuata Pasaka. Miaka hii zimekutana. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaandama wiki hiyohiyo. Mwaka 2027 Majivu ni tarehe 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa karibu na tarehe 8. Soma hayo kama mfanyabiashara. Wapendanao ya 2027 ni Jumapili, ndani ya Kwaresima na ndani ya Ramadhani kwa pamoja. Ningepunguza oda yangu ya kawaida kwa theluthi moja bila kuumia moyo. Lakini Januari yake, ambayo siku zote imelala, itakuwa Shaabani, mwezi ambao watu wa Pwani hukimbiza ndoa kabla ya mfungo. Aliyekariri kwamba Januari haina biashara atapitwa.

Katika Kwaresima Kanisa Katoliki halipambi altare kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne na sikukuu chache. Kama unalihudumia kanisa, usisubiri kuambiwa. Muulize katekista mapema tarehe za Pasaka, kwa sababu Mkesha wa Pasaka watataka maua meupe mengi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, na yote yapangwe Jumamosi ileile mchana.

Usiku wa Idi na harusi za Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, zina maua yake, na hapa maduka mengi ya kisasa yanakosa fedha iliyo miguuni pao. Waridi la Arusha halinukii. Limezalishwa kwa shina refu na safari ndefu. Mwanamke wa Pwani anataka ua linalonukia: asumini, vilua, mlangilangi, maua ya mkadi, na kijani cha mrehani, vifungwe kikuba cha kuvaa. Asumini huchumwa jioni likiwa bado tumba, linafunguka usiku na harufu yake inajaa chumba. Kesho mchana limegeuka kahawia. Haliwekwi akiba. Tafuta bibi mmoja au wawili wenye miasumini uani, elewaneni bei, wachume kwa oda tu. Mimi sijui kufunga kikuba kizuri mpaka leo, mkono wangu ni mzito. Nina mama wa Kitanga anayenifungia, namlipa kwa idadi, naye amenikataza kabisa kutumia uzi wa nailoni.

Masika: Machi hadi Mei

Mvua ikishika, Aprili hasa, maadui ni wawili. Wa kwanza ni kuvu. Hewa nzito na petali zilizolowa ni shamba lake. Usipulizie maji mawaridi masika, usiyabananishe ndoo moja, ondoa karatasi ya plastiki usiku, washa feni hata kama wewe hujisikii joto. Petali yenye doa ing'oe mara moja. Waridi lina petali za nje nyingi, halitakumbuka.

Wa pili ni barabara. Jangwani ikijaa maji, Morogoro Road inafungwa, na shada la kitchen party ya saa tisa linabaki Magomeni. Oda za masika nazipeleka mapema kwa saa tatu, hata kama ukumbi bado unafagiwa. Mteja nampigia simu siku moja kabla, namwambia wazi kwamba mvua ikinyesha tutaondoka alfajiri.

Jumapili ya pili ya Mei ni Siku ya Mama. Wateja wake ni tofauti na wa Februari: wengi ni mabinti, wananunua kwa pamoja, na wanapenda mmea kwenye chungu kuliko shada, kwa sababu mama atasema shada ni kupoteza hela. Agiza vyungu vya okidi na anturiumu. Visipouzwa siku hiyo havifi, vitauzwa Juni.

Kipupwe: msimu wa harusi

Juni hadi Septemba hewa ni kavu, upepo wa kusi unapoza jiji, maua yanakaa siku mbili zaidi, na kila Jumamosi ukumbi una sherehe. Sendofu, kitchen party, harusi. Ndiyo miezi ya kutengeneza akiba, na ndiyo miezi ya kudhulumiwa.

Fuata mpangilio huu kwa kila oda ya harusi. Kwanza nenda ukaone ukumbi mwenyewe. Je, una viyoyozi au feni? Meza kuu inapigwa na jua la jioni? Harusi ya ufukweni Kigamboni usiiwekee jabera wala jipsofila kwenye tao. Upepo wa chumvi utazikausha kabla bi harusi hajashuka garini. Weka anturiumu, helikonia, majani ya mitende, vitu vilivyozoea.

Pili, jua unazungumza na nani. Bi harusi anataka picha aliyoiona kwenye simu, mama yake anataka maua mengi, mpambaji anataka nafasi kwa vitambaa vyake, na mwenye fedha ni mweka hazina wa kamati ambaye hajaona picha yoyote. Andika karatasi moja: idadi, rangi, saa ya kufika, bei. Mweka hazina asaini.

Tatu, nusu ya fedha unapoandika oda, nusu iliyobaki siku tatu kabla. Si baada ya sherehe. Kamati za harusi zetu zina kikao maalumu cha kuvunja kamati, na ikishavunjwa, deni lako nalo limevunjwa. Utampigia mwenyekiti, atakwambia yeye sasa ni mtu binafsi. Nimelia mara mbili kwa hilo, ya tatu sikukubali.

Nne, waridi liwe limechanua nusu siku ya harusi, siyo tumba. Lifike siku mbili kabla, litolewe kwenye friji usiku wa kuamkia sherehe.

Na neno kuhusu maua ya bandia, maana wapambaji wengi wameyahamia. Usiyapige vita, utashindwa kwa bei. Mwambie mteja achanganye: ya plastiki juu darini ambako hakuna anayefika, maua hai mkononi mwa bi harusi, meza kuu na kwenye keki, mahali kamera inaposogea. Nimeuza zaidi kwa njia hii kuliko nilipokuwa nikihubiri.

Jambo jingine linalohitaji masikio: majani. Yale majani marefu ya isale yanapendeza sana pembeni ya shada, lakini kwa Mchaga isale ni la kuombea msamaha. Niliwahi kuliweka kwenye maua ya posa, na ukweni wakakaa wakijiuliza kosa ni lipi. Uliza kwanza.

Misiba haina msimu

Oda ya msiba inakuja saa nne usiku, mtu analia, na maziko ni kesho saa nane au mwili unasafirishwa alfajiri. Weka daima fremu nne za mashada, sponji, riboni nyeupe na zambarau, na krisanthemu za kutosha shada moja kubwa na madogo mawili. Hizo usiziuze kwa kitu kingine. Shada la kusafiri Moshi au Bukoba lifunge kwa waya, si kwa pini, na lisiwe na waridi; litafika na vichwa vimeinama. Andika jina la marehemu kwenye karatasi, umwoneshe aliyeleta oda, ndipo uliandike kwenye riboni. Jina lililokosewa kaburini halisahauliki na familia.

Bei ya msiba mimi siiongezi hata usiku. Ni uamuzi wangu, wengine wanafanya tofauti. Lakini nalipwa kabla ya kuanza, kwa simu, na anayelipa mara nyingi ni shemeji au mfanyakazi mwenzake, siyo mfiwa. Mfiwa usimguse na habari za fedha.

Vuli, mahafali na Desemba

Oktoba hadi Desemba mvua za vuli ni za vipindi, joto linarudi, na mahafali yanaanza: kidato cha nne kwanza, kisha vyuo Novemba na Desemba. Wahitimu wetu huvishwa mataji na makoja ya karatasi zinazong'aa, na ukisimama getini na mawaridi ya bei kubwa utarudi nayo. Peleka shina mojamoja lililofungwa vizuri, alizeti hasa, kwa bei ambayo dada wa mhitimu anaweza kuitoa mfukoni bila kufikiri. Ziwe ndani ya ndoo kivulini, si mkononi juani. Ratiba za mahafali chukua vyuoni mapema na uziandike ukutani.

Desemba inadanganya. Wiki mbili za kwanza ni harusi juu ya harusi, tafrija za maofisi, altare za Majilio. Ukaona fedha, ukaagiza mzigo mkubwa wa Krismasi. Halafu kuanzia tarehe 20 jiji linaondoka: nusu ya wateja wako wako kwenye foleni ya mabasi kwenda Kilimanjaro na kwingineko. Agiza mzigo wa mwisho ufike tarehe 22, kwa oda za makanisa na hoteli tu. Tarehe 24 jioni pambo la kanisa likikamilika, kilichobaki ndoo za nyuma kigawe kwa wanakwaya.

Kuanzia tarehe 27 mimi hufunga duka kwa siku tano. Nazima friji na kuiosha, nanoa visu, naziloweka ndoo kwenye jiki usiku kucha, kisha nakaa na daftari najumlisha safu ya tatu. Mwaka jana ilikuwa shina moja kwa kila tisa. Mwaka wa kwanza ilikuwa moja kwa kila matatu.